Sanduku la Barua za Kurudi

Wauza vitunguu wa soko la Mwanga waliwatambua wanafunzi wa Mwalimu kwa mbali.

"Mabubu wa Bwana Ng'ambo hao wanakuja," mmoja alikuwa akisema.

"Pandisha bei, shoga," mwenzake akijibu.

Vijana sita au saba, mashati yamepigwa pasi, walikuwa wakisimama mbele ya mafungu ya vitunguu na kuanza kuongea kwa vidole, kwa nyusi na kwa mabega. Walikuwa wamekatazwa kutoa hata neno moja. Kila mmoja alitakiwa arudi darasani na vitunguu, chumvi na jina la mtu aliyemuuzia. Hilo jina ndilo lililowatoa jasho. Utamuulizaje mama wa watu jina lake bila mdomo? Wengine walijipiga kifua, wakachora hewani, mpaka soko zima likawa linashika mbavu.

"Huko mnakokwenda mtakuwa mabubu mwaka mzima," Mwalimu aliwaambia wakirudi. "Afadhali mchekwe kwanza na watu wa kwenu."

Darasa lake lilikuwa chumba kimoja kilichounganishwa na kanisa dogo huko Bangwe, madirisha yakitazama ziwa. Humo aliwaandaa vijana wa makanisa ya mkoa wetu waliokuwa wakienda kuwa wamishonari nje ya nchi: Asia, Ulaya, kokote walikoitwa. Sisi watu wa Kigoma tumezoea kuona wamishonari wakishuka. Yeye aliwafundisha watu kupanda.

Nilimfahamu kwa sababu nilikwenda kugombana naye. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya sosholojia, sina kazi, na dada yangu Perusi, aliyenizidi miaka minne, alikuwa ameacha kufundisha shule ya msingi ili aingie darasa hilo. Baba alikwisha kufariki. Nyumbani kwetu Buzebazeba tulikuwa watatu tu, na mmoja alikuwa anajifunza kutuacha. Nikaenda Bangwe na hoja zangu zote: ukoloni, historia, nani kamwomba nani aende kumfundisha Mungu wake.

Nilimkuta anapaka viatu rangi. Alikuwa mzee mrefu, mwenye shingo nyembamba, na viatu vyake vyeusi viling'aa kuliko kitu chochote ndani ya chumba kile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye mdogo wake Perusi, yule asiyeingia kanisani."

"Naingia kwenye harusi."

"Kiingereza unakijua?"

"Ndiyo."

"Kompyuta?"

"Ndiyo. Lakini siamini, Mwalimu. Nakuambia mapema."

"Sijakuuliza hilo. Jumanne na Alhamisi, saa tatu asubuhi. Usichelewe."

Nilimuuliza kwa nini anataka mtu kama mimi. Alifunga kopo la rangi, akasema kwamba huko nje watu wengi wako kama mimi, na vijana wake ni heri waanze na huyu anayepatikana karibu. Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza nimekuja kufanya nini. Akasema aliona usoni. Nikaanza kuuliza la tatu. "Basi nimekupata jina," akasema. "Bwana Kwa Nini." Sikumbuki kama aliwahi kuniita kwa jina langu tena.

Mbali na Kiingereza na kompyuta, alinipa kazi ya tatu ambayo haikuwa kwenye ratiba. Aliniweka kitini katikati ya chumba, akamtuma mwanafunzi mmoja akae mbele yangu saa nzima bila kujaribu kuniokoa. Sharti lilikuwa kunisikiliza na kuniuliza maswali ambayo kweli alitaka majibu yake. Kijana mmoja wa Kasulu, Obadia, mhubiri hodari wa mikutano ya hadhara, alikaa dakika kumi akitetemeka goti kama anayebanwa na haja. Mwishowe akaropoka, "Lakini ndugu yangu, ukifa usiku wa leo?" Mwalimu akapiga meza kwa kifutio. "Nje! Kamchotee maji anywe, ndipo urudi uanze upya." Obadia alinichotea maji mara nne siku ile. Leo ni rafiki yangu, na bado hajaniokoa.

Usemi wake mkubwa ulikuwa huu: "Ukienda kwa watu, nenda na njaa." Alimaanisha kwamba anayefika ameshiba, na mizigo ya kugawa, hasikilizi. Mwache mwenyeji akulishe, akufundishe kushika kijiko, akucheke. Wakati wa Idi aliwapeleka wanafunzi Ujiji kwa rafiki yake fundi cherehani, Mwislamu aliyekuwa akishindana naye bao kwa miaka mingi, wakalishwa pilau na kupewa kazi ya kuosha masufuria. Hakuna aliyeruhusiwa kupeleka zawadi. Yule fundi ndiye aliyetoa alama. "Huyu anakula vizuri lakini anaongea sana," aliandika juu ya mmoja. "Asiende bado." Na hakwenda mpaka Idi iliyofuata.

Wale waliokuwa wakienda nchi za baridi aliwapeleka Kibirizi, kwenye chumba cha barafu cha mfanyabiashara mmoja wa samaki. Walisimama kati ya makreti ya migebuka wakaimba wimbo wa kitabu cha kanisani, beti zote. Perusi, aliyekuwa anajiandaa kwenda Mongolia, alitoka meno yakigongana, midomo imekuwa kama majivu. "Bado ubeti wa tano!" wachukuzi walimpigia kelele. Mwalimu mwenyewe alibaki nje juani. Alisema kifua chake hakitaki.

Na hapo ndipo nilipoanza kuhesabu kasoro zake. Aliwafundisha watu kula kila kilichowekwa mezani, lakini yeye, mtu wa Kigoma, hakula dagaa. "Wananitazama wengi mno," alisema. Aliwafundisha subira, lakini chaki ikivunjika aliitupa dirishani. Aliwafundisha unyenyekevu huku akikwepa kila dimbwi ili asichafue viatu. La kunishangaza zaidi, aliyekuwa akiwaandaa watu kwenda mwisho wa dunia mwenyewe hakuwahi kwenda popote. Siku moja nilimuuliza mbele ya darasa zima.

"Mwalimu, wewe umefika wapi?"

"Nimevuka ziwa mpaka Kalemie."

"Ukakaa muda gani?"

"Siku tatu. Nilipata malaria."

Darasa lilicheka, naye akacheka, kisha akaendelea na somo. Mimi sikucheka. Nilijiambia kwamba dada yangu anafundishwa kuogelea na mtu asiyejua maji. Nilidhani hata lile jina la Bwana Ng'ambo, ambalo wazee wa mjini walimwita huku wakitazamana, lilitokana na kazi yake tu.

Wiki ya mwisho ya mafunzo ndiyo iliyonikera kabisa. Mwalimu aligawa karatasi moja kwa kila mwanafunzi, akawaambia waliandikie kanisa lao barua ya kurudi. Walikuwa hawajaondoka bado. Baadhi yao walikuwa hawajapata hata viza. Barua ilitakiwa iseme mambo matatu tu: kwamba ninarudi nyumbani, nani aje kunipokea, na siku hiyo ningependa kula nini. Sababu haikuruhusiwa kuandikwa. Barua ilifungwa kwa gundi na kuwekwa kwenye sanduku la bati la bluu, lenye kufuli, lililokaa chini ya meza yake. Kama mtu angeelemewa huko aliko na akakosa ujasiri wa kuliambia kanisa lake, angemwambia Mwalimu maneno mawili tu, "Soma barua," na Jumapili inayofuata Mwalimu angesimama kanisani na kuisoma.

Obadia aligoma. "Mwalimu, huku ni kupanda mbegu ya kushindwa."

"Andika."

"Imani yangu hainiruhusu."

"Basi hutakwenda." Sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti ile. Obadia akaandika.

Mimi nilimsubiri mpaka wametoka. "Kwa nini uwaandalie kurudi kabla hawajaondoka? Huna imani nao?"

"Nyumba ikiwa na mlango, mtu hukaa ndani kwa amani," alisema. Kisha akanisomea kanuni zilizobaki, kama vile na mimi nilikuwa nasafiri. Hakuna atakayefungua barua bila mwenyewe kusema. Na anayekwenda kumpokea aliyerudi hamuulizi kwa nini amerudi, si siku hiyo, si mwezi huo, mpaka mwenyewe aanze. "Swali la kwanza ni moja. Umekula?"

"Hiyo kanuni mimi singeiweza," nikamwambia.

"Najua," akasema, akaanza kutafuta brashi ya viatu.

Perusi aliagwa kwa shangwe. Akina mama walimfunga vitenge vitatu, kimoja juu ya kingine, na wazee wakamwekea mikono. Mama alihamishwa kutoka benchi la nyuma akapewa kiti cha mbele, na tangu siku hiyo watu wakaacha kumwita Mama Perusi. Wakawa wanamwita Mama Mmishonari. Alijifanya hapendi.

Miezi ya kwanza dada alituma picha za theluji, za ngamia wenye nundu mbili, za watoto wenye mashavu mekundu wakimshika nywele. Kisha sauti zake za WhatsApp zikaanza kufupika. Kisha zikawa maandishi, kisha kidole gumba tu. Mama alisema ni kazi nyingi. Siku moja mchana akanipigia, kamera imezimwa.

"Nimekaa chumbani siku ya kumi na mbili leo," alisema. "Usimwambie mama."

"Nani kakukosea?"

"Hakuna. Wananipenda. Wananiletea supu mlangoni. Mimi tu, siwezi kutoka. Naiamuru miguu, haisikii."

"Basi rudi."

"Nirudi niseme nini? Ningekuwa nimeugua malaria ningerudi. Ningefukuzwa ningerudi. Mama wamempa kiti cha mbele, wewe." Akashusha sauti. "Kuna siku nikilala naona heri nisiamke."

Nilikuwa na shahada, na nilikuwa nimesoma vitabu vizima juu ya upweke wa wahamiaji. Nilichoweza kumwambia ni kwamba ampigie mchungaji mwenyeji wake sasa hivi, alale kwao na si peke yake, na aniahidi. Aliahidi. Nikatoka mbio kwenda Bangwe, na njiani nikawaza lile sanduku nililokuwa nimelidharau.

"Isome, Mwalimu. Jumapili hii."

"Amesema nisome?"

"Hawezi kusema! Ameshindwa hata kuvuka mlango, ataweza vipi kuomba aibu yake isomwe mbele ya watu?"

"Basi bado si yangu kuisoma."

Nilimwita mzee wa kanuni. Nilisema anafundisha safari asizozijua, na sasa dada yangu atakufa kwa sababu ya utaratibu. Nilisema mengine ambayo siyaandiki. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Nilipomaliza niliona ameshika kiatu kimoja mkononi na hakuwa anakipaka kitu.

"Umekula?" akaniuliza.

Nilitaka kumrushia kile kiatu.

"Mpigie," akasema. "Weka spika."

Perusi alipokea. Alikuwa tayari nyumbani kwa mchungaji, nyuma yake palisikika birika likichemka. Mwalimu hakumuuliza hali. Alivuta kiti, akasema, "Mwanangu, nataka nikusimulie habari ya maharage."

Kisha akasimulia kitu ambacho miaka yote ile hakuwahi kuliambia darasa lake. Alipokuwa kijana, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutumwa nje na kanisa lake. Walimwekea mikono, wakamnunulia sanduku la bati la bluu, wakamsindikiza stesheni kwa ngoma. Alifika Dar es Salaam, akaiona ndege, na miguu ikakataa. Hakuumwa, hakuzuiwa na mtu. Ikakataa tu. Akarudi kwa treni, lakini hakuthubutu kufika Kigoma. Akashuka stesheni ndogo kabla ya mji, akatembea na sanduku lake kichwani mpaka Kidahwe kwa shangazi yake, akajificha huko.

"Misimu miwili ya maharage," alisema. "Shangazi alikuwa akija kanisani mjini kila Jumapili, anarudi jioni ananiambia, 'Leo wamekuombea tena. Wameomba usipate baridi.' Nami nimekaa jikoni natoka jasho. Kanisa zima linaniombea ng'ambo, na mimi niko Kidahwe napalilia. Nisingeweza kurudi. Kila wakiomba, ndivyo nilivyozidi kuwa mbali."

Kwenye simu tulisikia birika tu.

"Uligunduliwaje?" Perusi akauliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza kitu kwa miezi.

"Shemasi alikuja kijijini kununua maharage kwa jumla, akauziwa na mmishonari."

Kicheko kilianza kidogo, kama mtu anayekohoa. Kisha kikatoka chote, kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko. "Kidahwe, Mwalimu?"

"Kidahwe, mwanangu. Karibu hivyo. Waliniita Bwana Ng'ambo kuanzia siku ile, na mpaka leo sokoni wananiita. Halijaniua. Kilichokaribia kuniua ni ile misimu miwili."

Mimi nilikuwa natazama sanduku chini ya meza, bati limekunjika pembeni, na nikajiona mjinga kwelikweli.

"Mwalimu," sauti ya dada ikasema, "soma barua."

Jumapili alivaa koti. Aliomba nafasi baada ya matangazo, akafungua bahasha kwa wembe mbele ya watu wote, akasoma polepole. "Ninarudi nyumbani. Aje kunipokea mdogo wangu. Ningependa kula ugali wa muhogo na migebuka ya kuchoma, mama aigeuze mwenyewe." Akaikunja.

Mzee mmoja wa baraza akainuka. "Samahani, Mwalimu. Amefukuzwa, au kuna jambo?"

"Barua imeisha, mzee."

"Lakini kanisa lina haki ya kujua kwa nini..."

"Barua imeisha, mzee wangu."

Watu walimtazama mama kwenye kiti chake cha mbele. Mama akasimama, akachukua mkoba wake, akatembea mpaka kwenye benchi la nyuma alikokuwa akikaa zamani, akaketi. "Mimi ni Mama Perusi," akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayejibu mahudhurio. "Mtoto wangu anakuja."

Mwenyekiti wa akina mama ndiye aliyeongea wa kwanza. "Sasa anafika siku gani? Maana migebuka ya Jumatatu si ya kuaminika."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilihisi kama mtu aliyetua gunia baada ya kulisahau mgongoni. Sijaanza kuamini, na Mwalimu hajawahi kunidai hilo. Bado sijui kama kuna anayesikia maombi. Ninajua kwamba yale ya wakati ule yalipita juu ya Kidahwe bila kusimama. Lakini nilikuwa nimesoma taasisi nyingi chuoni, na sikukumbuka hata moja iliyomwandalia mtu wake njia ya kushindwa bila kufa.

Perusi alisafiri kwa ndege mpaka Dar es Salaam, kisha akachagua treni. Alisema anataka kufika polepole. Asubuhi ya siku hiyo nilimkuta Mwalimu ametangulia stesheni ya Kigoma. Alikuwa amesimama mwisho kabisa wa jukwaa, nyuma ya nguzo, na chupa ya chai mkononi. Viatu vyake vilikuwa na vumbi. Hiyo ndiyo mara pekee niliyoviona hivyo.

"Shikamoo, Mwalimu. Umesimama mbali."

"Marahaba. Hapa panatosha." Aliitazama reli. "Tangu siku ile waliponisindikiza kwa ngoma sijakanyaga jukwaa hili. Wengine waliorudi nilituma ndugu zao waje. Nilitaka angalau mara moja nione mtu anavyoshuka."

Treni ikasikika upande wa mto Luiche. Kichwani mwangu maswali yalijipanga kama abiria: kwa nini hukusema mapema, kwa nini wewe, kwa nini miguu, kwa nini hata ulikwenda. Nadhani yalionekana usoni, kwa maana Mwalimu alinigusa kiwiko kwa kifuniko cha chupa.

"Leo una likizo, Bwana Kwa Nini."

Perusi alishuka behewa la tatu, amevaa koti la baridi la Mongolia katika joto la Kigoma, amekonda, sanduku moja mkononi. Akasimama akitazama kulia na kushoto kama mtu anayengoja kuulizwa. Nilimfikia, nikachukua sanduku. Lilikuwa jepesi mno.

"Umekula?"

Alinitazama. Akatazama nyuma yangu, kule kwenye nguzo, ambako mzee mmoja alikuwa amefungua chupa na anamimina chai nusu ndani ya kifuniko, nusu juu ya kiatu chake.

"Tangu Tabora, hapana," akasema.

"Twende. Mama anageuza samaki."